Nani Ako na Ufunguo wa Maktaba?

Ukifika Banda Street, pale karibu na Msikiti wa Jamia, utaona simba wawili wa mawe wamelala mbele ya ngazi pana. Watu wengi wa Nairobi wamepiga picha na hao simba. Waliopita katikati yao wakaingia ndani ni wachache. Jengo hilo ni Maktaba ya McMillan, na nimeamua kuanzia hapo kwa sababu moja: kwa miaka 27 ya kwanza, Mwafrika hakuruhusiwa kupanda ngazi hizo kama msomaji.

William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani tajiri aliyekuja huku mwanzoni mwa karne iliyopita, akajipatia mashamba makubwa Juja na kule Ol Donyo Sabuk. Alikufa 1925, akazikwa kwenye mteremko wa huo mlima. Mjane wake, Lucie, akaamua kumjengea ukumbusho mjini, na kwa msaada wa pesa za shirika la Carnegie la Marekani, maktaba ikafunguliwa 1931. Nguzo nene, dari ndefu, rafu zimejaa. Wasomaji walikuwa Wazungu. Mwafrika angeweza kufagia zile ngazi, kusugua sakafu na kupangusa vumbi kwenye migongo ya vitabu. Kuvuta kiti, aketi na kufungua kitabu, hapana. Mlango ulifunguliwa kwa watu wote 1958, na 1962 maktaba ikaingia mikononi mwa Baraza la Jiji, mwaka mmoja kabla ya Uhuru.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya ubaguzi wa rangi, na ni kweli ndivyo ilivyo. Lakini kuna kitu kingine ndani yake ambacho kilibaki hata baada ya wakoloni kwenda zao. Maktaba yoyote ina vitu vitatu: vitabu, wasomaji, na mtu anayeshika ufunguo. Vitabu tumevihesabu sana. Siku hizi tunahesabu tableti. Huyo wa ufunguo hatumuulizi chochote.

Mimi nilianza kumuuliza kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Yuko shule ya umma huku Eastlands, na alipokuwa Gredi ya Nne nilimpa hadithi fupi ya Gredi ya Tatu anisomee. Alisoma neno moja moja, kidole chini ya kila silabi, na akifika mwisho wa sentensi ashasahau ilivyoanza. Si mjinga. Huyu ndiye hutumwa dukani na vitu vitano na hurudi na chenji sawasawa. Nilipomuuliza vitabu vya hadithi anasomea wapi shuleni, akaniambia, "Anko, kuna tableti, lakini ziko stoo." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuambia kuna mto nyuma ya kilima.

Tena hayuko peke yake. Tangu 2009, watafiti wa Uwezo walikuwa wakienda nyumba hadi nyumba nchini wakiwapa watoto hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili wasome. Matokeo ya miaka ile ya mwanzo yalishtua nchi: katika kila watoto 10 wa Darasa la Tatu, ni 3 tu walioweza kazi ya Darasa la Pili. Shirika la Usawa Agenda, lililoendeleza kazi hiyo, lilikuta 2021 kwamba ni watoto 2 kati ya 5 wa Gredi ya Nne walioweza kusoma maandishi ya Kiingereza ya Gredi ya Tatu. Wale wengine 3 ni pamoja na wetu.

Basi tumefikaje hapa, nchi ambayo imejaribu kila aina ya maktaba unayoweza kufikiria?

Kwanza, McMillan haikuwa ya kwanza. Mombasa ilitangulia. Maktaba ya Seif bin Salim ilianzishwa 1903, na jina lake kamili lilikuwa na maneno yanayotangaza chumba cha kusomea bure. Napenda hilo jina. Kabla ya mtu kuuliza kuna vitabu vingapi, ubao wa mlangoni ushamjibu kuhusu bei ya kuingia.

Halafu ikaja miaka ya 1940. Elspeth Huxley, yule mwandishi aliyelelewa Thika, aliandikia serikali za kikoloni ripoti kuhusu vitabu vya Waafrika, na kutokana nayo likazaliwa East African Literature Bureau mwaka 1948. Wengi tunalijua kupitia mtoto wake, Kenya Literature Bureau, wale wa vitabu vya shule. Lakini Bureau ya zamani haikuchapisha tu. Ilikuwa na maktaba za masanduku. Vitabu vilipakiwa kwenye sanduku, sanduku likatumwa shuleni au kwenye ukumbi wa kijamii, likikaa muda fulani linabadilishwa na lingine. Palikuwa pia na maktaba ya posta: msomaji wa mashambani anaandika barua, kitabu kinamjia kwa posta, akimaliza anakirudisha kwa njia ileile.

Hebu fikiria hiyo. Watu walisubiri kitabu kwa posta, miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kujua neno "download". Wazo la kwamba maktaba inaweza kumfuata msomaji, badala ya msomaji kufuata nguzo na simba, ni la zamani sana huku kwetu. Halikuanza na tableti.

Baada ya Uhuru, Bunge likapitisha sheria ya 1965 iliyounda Kenya National Library Service, KNLS, na kazi ikaanza rasmi 1967. Hao ndio walirithi masanduku na posta, wakaanza kujenga matawi mijini. Na ni hao hao waliofanya jambo ambalo dunia nzima bado inalizungumzia. Mwaka 1996, kule Garissa, walianza maktaba ya ngamia.

Ngamia watatu walianza ile kazi. Ngamia wa vitabu hubeba masanduku mawili, kila moja likiwa na vitabu kama 200. Mwingine hubeba hema na mikeka. Mkutubi na mchungaji wa ngamia hutembea pamoja nao hadi kwenye shule na vijiji vya wafugaji, sehemu ambazo barabara ni mchanga na gari lingezama. Wakifika, hema linasimamishwa chini ya mti, mikeka inatandikwa, masanduku yanafunguliwa, watoto wanaingia.

Watalii na wanahabari walipenda ngamia. Mimi napenda mkeka. Anayetandika mkeka anakuambia keti, hatuna haraka, vitabu vyote viko hapa mbele yako vichague. Na mkutubi yuko papo hapo, hajafungia ufunguo kwenye droo ya mtu aliyeenda semina. Ukiondoa ngamia ukaweka baiskeli, ile maktaba bado ingefanya kazi. Ukiondoa mkutubi na mkeka, unabaki na ngamia aliyebeba mbao.

Lakini matawi ya mijini yalichukua njia nyingine, na hapa lugha yetu yenyewe inatusema. Kwa Kiswahili, kusoma ni kusoma kitabu, na kusoma ni kwenda shule. Tunasema "amesoma" kwa maana ya kwamba ana vyeti. Tunamuuliza mtu "ulisoma hadi wapi?" na jibu linakuwa Form Four, halafu hatumuulizi kitabu chenyewe kilikuwa gani. Ingia maktaba yoyote ya umma Nairobi mwezi wa kumi. Utakuta viti vyote vimejaa, kimya kabisa, na karibu kila mtu amefungua noti zake mwenyewe alizokuja nazo kwa begi. Rafu ziko nyuma yao, hazijaguswa. Wamekuja kutafuta meza na mwanga. Siwalaumu hata kidogo, nyumbani kwao chumba ni kimoja na TV iko juu. Lakini tumezoea kuita hiyo maktaba, na watoto wetu wamejifunza kwamba kusoma ni kitu unachofanya kabla ya mtihani, na mtihani ukiisha nacho kimeisha.

Shule niliyosomea mimi ilikuwa na kabati la vitabu vya hadithi. Lilikuwa ofisini, na milango yake ilikuwa ya kioo. Vilikuwa vitabu vizuri, vya msaada, vingine vyenye majalada magumu. Ukitumwa kupeleka rejista ulisimama hapo kidogo ukasoma migongo ya vitabu kupitia kioo. Kuna majina ya vitabu ambayo nayajua hadi leo kwa kuyasoma kwenye mgongo tu, na ndani yake sijawahi kuingia. Kabati lilikuwa na kufuli ndogo ya shaba. Kwa miaka yote minane sikumbuki kuiona imefunguliwa, isipokuwa siku wageni wa wilaya walipokuja. Siku hiyo vitabu vilipangwa mezani, wageni wakavipigia makofi, jioni vikarudi ndani.

Sasa njoo 2013. Serikali mpya ya Jubilee ilikuwa imeahidi kwenye kampeni kwamba kila mtoto wa Darasa la Kwanza atapata laptopu. Si unakumbuka? Zabuni ya kwanza ikavurugika na kufutwa, mpango ukapanguliwa ukapangwa upya, laptopu zikawa tableti, na kuanzia 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni chini ya jina la Digital Literacy Programme. Vilifika kweli. Zaidi ya tableti na vifaa milioni moja viligawanywa kwa shule za msingi za umma. Maelfu ya shule zilivutiwa stima kwa sababu ya mradi huu, na hilo peke yake si jambo dogo.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kilichokuja pamoja na tableti. Kila shule ilipangiwa pia vifaa vya walimu, projekta, na seva ndogo yenye ruta ya kusambaza mawimbi. Kazi ya seva ni hii: unaweka ndani yake vitabu, picha, sauti, michezo, halafu tableti zinasoma kutoka kwa seva hiyo ndani ya darasa, bila intaneti ya kulipia. Yaani kwa maneno mengine, serikali ilipeleka maktaba. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na kila kitu ambacho maktaba ya dijitali inahitaji. Hadithi za picha hazichukui nafasi kubwa. Hata kadi ya memori unayonunua kwa fundi wa simu inabeba hadithi mamia.

Ila vilivyowekwa ndani vilikuwa masomo ya silabasi ya madarasa ya chini. Ile maana ya pili ya kusoma ilishinda tena. Na shule zikapata kazi moja kubwa kuliko zote: kuhakikisha vifaa haviibiwi. Vyuma vikawekwa kwenye madirisha ya stoo, mlango wa mbao ukabadilishwa kuwa wa chuma, kufuli ikawa mbili.

Nilienda shuleni kwa mtoto wetu kuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Naibu wa mwalimu mkuu, mzee mpole wa karibu kustaafu, alinikaribisha ofisini akanisikiza hadi mwisho. Nikamwambia, mwalimu, kwa heshima zote, kwa nini watoto hawapewi hizi tableti hata kwa nusu saa? Akatoa daftari kubwa akalifungua mbele yangu. Kila kifaa kilikuwa na namba, tarehe na sahihi.

"Kijana wangu," akasema, "hizi vitu zimeandikishwa. Moja ikipotea, mimi ndio naitwa, mimi ndio naandika ripoti, na pengine mimi ndio nalipa. Sasa mtoto asipojua kusoma, nani ataniita?"

Nikakosa jibu, kwa sababu alikuwa amesema ukweli mtupu. Nimefikiria hilo swali kwa miezi, na naamini ndani yake kuna historia yote niliyokusimulia hapo juu. Kitabu kilichopotea kina faili. Mtoto aliyepotea kwenye kusoma hana faili. Mfumo unaona kimoja na haumwoni mwingine. Mtu mwenye akili timamu akiwekwa katikati ya hivyo viwili, atafunga mlango. Aliyeshika kufuli ya lile kabati la kioo huenda alikuwa mtu mzuri tu aliyesaini mahali.

Na hapa ndipo linapokuja jambo ambalo lingepaswa kubadilisha kila kitu. Kitabu cha karatasi ukimwazima mtu, wewe huna tena hadi akirudishe. Kikichanika kimechanika. Woga wa mwenye ufunguo una msingi. Lakini hadithi iliyo kwenye faili ukimpa mtoto, bado unayo. Ukiwapa watoto 40, bado unayo. Haichakai, haitoboki, haimwagikiwi uji. Kwa mara ya kwanza tangu simba wale wachongwe, tuna kitabu ambacho hakiwezi kupotea kwa kuazimwa. Nasi tumekichukua tukakifungia stoo pamoja na sahani yake, kwa sababu sahani ndiyo yenye namba kwenye daftari.

Mwezi wa tatu 2020 tuliona matokeo. Tarehe 15 Rais alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Taasisi ya mitaala, KICD, ilikuwa na vipindi kwenye redio na TV, na ilikuwa na hazina yake ya masomo mtandaoni. Wazazi wenye bando na simu nzuri walisukuma siku. Kwetu simu ilikuwa moja, ya dada, na dada aliondoka nayo asubuhi kwenda kazi. Mtoto wetu alikuwa bado PP2, umri ule ambao herufi zinaanza kushikana kuwa maneno. Na wakati huohuo, tableti za shule yake zilikaa stoo miezi tisa, salama kabisa, hakuna hata moja iliyopotea.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ukivunja kufuli watoto wataanza kusoma wenyewe. Kuna jaribio lilifanywa Kisumu, ndani ya mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR, miaka kumi na kidogo iliyopita, na kila mtu anayetaka kununulia shule vifaa anapaswa kulijua. Shule ziligawanywa. Kundi moja, tableti walipewa maafisa wanaotembelea na kuwaelekeza walimu. Kundi la pili, walipewa walimu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Makundi yote yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikuwa kwenye mradi. Lakini yalipolinganishwa na shule zilizopata programu ya kawaida tu, yaani vitabu vya karatasi, mafunzo na mwalimu wa kutembelewa, vifaa havikuongeza cha maana. Na kumpa kila mtoto kifaa ndiyo ilikuwa njia ghali zaidi.

Serikali ilisikia sehemu ya somo hilo. Tusome ilipoanza nchi nzima 2015, kwa msaada wa Marekani na Uingereza, ilimpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake mwenyewe, kimoja kwa mmoja, na tableti zikaenda kwa maafisa wa kuwasaidia walimu. Kilichofanya kazi kilikuwa mtu anayerudi tena na tena kuuliza mtoto huyu anasoma vipi.

Kwa hiyo ufunguo una sehemu mbili. Moja ni mlango kufunguka. Nyingine ni mtu kubaki ndani baada ya mlango kufunguka. Maktaba ya KNLS pale Kibera ilianza mapema kutumia tableti na wanafunzi wa shule za jirani, na tableti zenyewe zilikuwa chache. Lakini zilikuwa na mkutubi aliyeketi nao. Mkeka wa Garissa tena, ila huku ni mabati na stima.

Kuna na kufuli ya tatu, ambayo haionekani kwa macho: haki za kunakili. Maktaba nyingi za dijitali ziko hivi: unalipia mwaka, unapewa paswadi, mwaka ukiisha vitabu vinatoweka. Shule ya mtaani haiwezi. Ndiyo maana kazi ya African Storybook ni muhimu kuliko inavyozungumziwa. Mradi huu ulizinduliwa 2014 na taasisi ya elimu ya Afrika Kusini iitwayo Saide, na Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza za majaribio. Hadithi zake zina leseni huru. Unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapisha, kuzigawa, hata kuzitafsiri na kuziweka tena. Zipo kwa Kiswahili na Kiingereza, na zipo kwa lugha nyingine za nyumbani kama Kikamba, Maa na Ng'aturkana, nyingine zikiwa zimeandikwa au kutafsiriwa na walimu wenyewe. Hakuna wa kumwomba ufunguo.

Nilirudi kwa yule mwalimu na kadi ya memori. Nilikuwa nimeweka hadithi za Kiswahili mia moja na kitu, nimezipanga kutoka zenye mstari mmoja kwa ukurasa hadi ndefu. Tuliongea sana. Alikubali jambo moja dogo: projekta. Projekta ni moja, haiwezi kuingia mfukoni mwa mtoto, na woga wake ni nusu. Siku za Alhamisi saa tisa, baada ya masomo, tunafunga mapazia kwa leso na hadithi inatupwa ukutani, herufi kubwa kama kichwa cha mtu. Watoto sitini husoma kwa pamoja kwa sauti. Anayejua anamvuta asiyejua. Tunarudia hadithi ileile hadi wale wa nyuma nao waishike.

Ukiangalia, si jambo geni. Pwani walikuwa wakifanya hivi na tenzi muda mrefu kabla ya reli kufika Nairobi: nakala ni moja, msomaji anasoma kwa sauti, kikao kizima kinasikiliza. Kitabu kimoja, masikio mengi.

Wazee wa shule walipoona, mmoja wa kamati ya wazazi akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuuliza: je, tukiweka pesa kidogo kila muhula za kurekebisha tableti zitakazoharibika, mwalimu atakubali kuzitoa? Yaani wazazi waibebe hasara wao, isimkalie mtu mmoja kichwani. Walikadiria, wakabishana, wakapitisha. Tableti ishirini zilitoka stoo muhula uliofuata. Betri saba zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila kuchajiwa. Hizo saba hazikuibiwa na mtu yeyote, na hakuna aliyeitwa kuandika ripoti juu yake.

Mtoto wetu bado anasoma polepole. Nisikudanganye kwamba ameruka. Ila ameacha kuweka kidole, na juzi alinikatiza nikimsomea, akaniambia nimeruka mstari. Nilikuwa nimeruka kweli.

Kuna watu wanaofanya kazi kubwa zaidi ya hii yangu. Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likishirikiana na kaunti kurekebisha McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Ukienda Kaloleni leo utakuta watoto wa mtaa wamejaa mezani. Serikali nayo itarudi na mradi mwingine wa vifaa, kwa sababu miradi ya vifaa hupendeza kwenye picha. Ukija, tuwaulize maswali ambayo daftari la mwalimu halina safu yake. Kifaa kikivunjika mkononi mwa mtoto anayesoma, nani anabeba hasara? Ndani yake kuna hadithi, au kuna silabasi tu? Leseni ikiisha, vitabu vinabaki? Nani analipwa kukaa na watoto, maana shule nyingi za msingi za umma hazina mkutubi hata mmoja?

Na wewe unayesoma hii kwenye simu, umeshika kifaa kinachotosha kubeba maktaba ya shule nzima. Ukipita karibu na shule uliyosomea, ingia, salimia walimu, uliza ufunguo wa stoo uko kwa nani. Ukimpata, muulize kwa upole anaogopa nini. Ataku­ambia.